Saa Kumi kwa Wiki

Katika kozi nyingi za mtandaoni, mlango wa wiki hufungwa Jumapili saa sita kamili usiku. Kazi isiyotumwa kabla ya hapo huhesabiwa kuwa imechelewa, na asubuhi yake mada mpya imeshafunguliwa. Mwanafunzi mwenye ajira na familia hujikuta Jumapili, baada ya chakula cha jioni, akiukabili mzigo wa wiki nzima: makala mbili hajazifungua, mhadhara wa video hajautazama, maswali ya kujipima hajayajibu, na mchango wake kwenye majadiliano haujaandikwa. Huvipita vyote kwa zimamoto, hutuma, hulala. Alama huzipata, mara nyingine nzuri. Lakini muulize Jumatano mwanasaikolojia Piaget alisema nini kuhusu fikra za mtoto wa miaka mitano, na utakuta kilichobaki kichwani ni jina tu na picha ya mzee mwenye kiko.

Hasara hii ni kubwa zaidi pale kozi yenyewe inapohusu nadharia za ujifunzaji. Kozi hiyo humfikia karibu kila anayesomea ualimu, na wengi siku hizi huisoma kwa masafa wakiwa tayari kazini, kupitia vyuo kama Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992. Ndani ya makala zile ambazo hazijafunguliwa mna maelezo ya jinsi wiki hiyo ilivyopaswa kupangwa. Hoja yangu ni kwamba mzigo wa wiki usigawanywe kwa kurasa wala kwa idadi ya video. Ugawanywe kwa mara. Mwanafunzi ajiulize atakutana na mada hii mara ngapi, na kati ya mara moja na nyingine upite muda gani. Saa zilezile zikipangwa hivyo humwachia mtu kitu cha kuingia nacho darasani mwaka ujao. Zikirundikwa usiku mmoja humwachia alama tu.

Tuanze na saa zenyewe, maana wengi hawajui waliahidi nini siku waliyojiandikisha. Nchini Tanzania, mfumo wa tuzo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza. Saa hizo ni za mwanafunzi, na ndani yake mmo kusikiliza, kusoma, kuandika, kujadili na kujiandaa na mtihani. Mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una krediti 120, yaani saa 1,200. Chukua basi kozi ya nadharia za ujifunzaji yenye krediti 12, iliyopangwa kwa wiki 12: ni saa 120, sawa na saa 10 kila wiki. Hiyo ni zaidi ya siku nzima ya kazi ya ofisini, na inapaswa kutoka mahali fulani katika wiki ambayo tayari imejaa. Anayeambiwa kwamba kozi ya mtandaoni husomwa wakati wowote anaotaka huelewa mara nyingi kwamba haihitaji wakati wake maalumu, na hapo ndipo Jumapili usiku inapoanza kutengenezwa.

Kusoma nako kuna hesabu yake. Mwaka 2019 Marc Brysbaert, mwanasaikolojia wa Ubelgiji, alijumlisha tafiti nyingi za kasi ya kusoma, akapata kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya, maandishi yasiyo ya kubuni, hupita wastani wa maneno 238 kwa dakika. Kwa kasi hiyo makala ya maneno 8,000 humalizika kwa dakika 34. Lakini kasi hiyo ni ya maandishi ya kawaida, kwa msomaji aliyekulia katika lugha hiyo, asiyesimama kuandika chochote. Makala ya kitaaluma kuhusu mwanasaikolojia Vygotsky, iliyotafsiriwa kutoka Kirusi kwenda Kiingereza na kusomwa na mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, haipitiki hivyo. Ukizidisha mara tatu hujapunja wala hujazidisha mno: saa 1 na dakika 40 kwa makala moja. Makala mbili zimeshakula theluthi ya wiki, na bado hatujagusa video.

Kisha kuna udhaifu wa kibinadamu ambao wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliueleza mwaka 1979: tunapokadiria muda wa kazi yetu wenyewe, hukadiria kana kwamba hakuna kitakachoharibika. Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Canada mwaka 1994, pale Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walipowauliza wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wakiandika tasnifu watamaliza lini. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 33.9. Waliulizwa pia watamaliza lini endapo kila kitu kitaharibika kadiri kinavyoweza kuharibika. Wastani ukawa siku 48.6. Muda halisi ulikuwa siku 55.5. Hata makadirio yao ya mabaya kabisa yalikuwa na matumaini kupita hali yenyewe. Wala hawa hawakuwa wageni wa fani. Walikuwa wanafunzi wa saikolojia katika mwaka wao wa mwisho.

Kwa sababu hiyo sioni busara ya kupanga saa 10 zote. Panga 8, na 2 zibaki wazi, bila jina, kwa ajili ya umeme utakaokatika, mtoto atakayeugua, na makala itakayogoma kueleweka. Katika wiki mbili za mwanzo andika pembeni mwa kila kazi dakika ulizokadiria na dakika zilizokwenda kweli. Orodha hiyo ya karatasi moja itakufundisha kasi yako kuliko ushauri wa mtu yeyote, na kuanzia wiki ya tatu utapanga kwa kuangalia yaliyokwisha kutokea badala ya unayoyatamani.

Sasa swali la mara. Mtu wa kwanza kulipima alikuwa Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1885. Hakuwa na maabara ya maana wala washiriki, alijipima mwenyewe. Alitunga silabi zaidi ya 2,000 zisizo na maana yoyote, akazipanga katika orodha, akawa anazisoma kwa mwendo wa mapigo, silabi mbili na nusu kila sekunde, mpaka aweze kuzitaja bila kukosea. Baadaye alijifunza orodha ileile upya na kupima ni kazi kiasi gani ameokoa kwa kuwa aliwahi kuijua. Baada ya dakika 20 hivi aliokoa asilimia 58. Baada ya siku moja, theluthi moja tu. Baada ya mwezi, moja ya tano. Yaani sehemu kubwa ya kusahau hutokea siku ileile ya kwanza, kisha mteremko hupungua ukali. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na kweli mwanafunzi wa Jumapili usiku huamka Jumatatu akijihisi mwepesi. Wepesi huo ni wa mzigo uliokwisha kumwagika njiani.

Ebbinghaus alipata jambo jingine ambalo lina uzito zaidi kwa mpangaji wa wiki. Kwa orodha ya silabi 12, marudio 68 yaliyofanywa mfululizo kwa siku moja yalimpa faida ileile aliyoipata kwa marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu. Kazi karibu nusu, matokeo yaleyale. Tangu wakati huo jambo hili limepimwa kwa watoto na wazee, kwa maneno, kwa hesabu na kwa kazi za mikono, na limebaki kuwa miongoni mwa matokeo imara kabisa ya saikolojia. Utafiti uliolifikisha karibu na ratiba ya kozi ni ule wa Nicholas Cepeda na wenzake wa mwaka 2008, uliofanywa kwa njia ya mtandao na watu zaidi ya 1,350. Walijifunza mambo yasiyojulikana sana, ya chemsha bongo, wakayadurusu baada ya pengo fulani, kisha wakapimwa. Kwa waliopimwa wiki moja baadaye, pengo zuri kuliko yote yaliyojaribiwa lilikuwa siku 1. Kwa waliopimwa baada ya siku 70, lilikuwa siku 21. Ukilihamishia hilo kwenye kozi ya wiki 12, maana yake ni kwamba mada ya wiki ya kwanza irudiwe kesho yake, na irudiwe tena katika wiki ya nne. Ratiba nyingi hazina kabisa nafasi hiyo ya pili. Wiki ikifungwa, mada imezikwa hadi mtihani.

Kurudia huko, hata hivyo, kusiwe kusoma tena. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi maandishi mafupi ya maelezo mwaka 2006. Kundi moja lilisoma mara mbili. Jingine lilisoma mara moja kisha likaandika kila linalokumbuka bila kuangalia. Wakipimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika kwa kumbukumbu walikuwa na asilimia 56, waliosoma mara mbili 42. Huenda hapa ndipo mwanafunzi mwaminifu anapodanganywa na nafsi yake zaidi ya mahali pengine popote. Kusoma mara ya pili kunateleza, na mtelezo huo huuhisi kama kuelewa. Kuvuta jambo kutoka kichwani huku daftari limefungwa kunakera, kunafedhehesha kidogo, na ndiko kunakojenga.

Tuitazame basi wiki moja kwa karibu, tuseme ya nne, mada ikiwa Vygotsky. Jumatatu usiku nusu saa inatosha: kuyasoma maswali ya wiki kabla ya kufungua makala yoyote, kuandika sentensi tatu za unachodhani jibu litakuwa, kisha kuzipitia makala kwa macho ili kujua vichwa vyake na mahali penye ugumu. Jumanne ni saa 2 za makala ngumu kuliko zote, wakati wiki bado changa na saa zile mbili za akiba hazijaguswa. Jumatano nusu saa, bila simu wala kompyuta. Karatasi tupu, kalamu, na mfano ambao Vygotsky mwenyewe aliutumia: watoto wawili wa miaka 10, kila mmoja akifanya peke yake maswali ya kiwango cha miaka 8. Mtahini angesema wako sawa. Sasa wasaidiwe, kwa swali la kuwaongoza au mwanzo wa jibu. Mmoja anafika kiwango cha miaka 12, mwingine anaishia 9. Je, bado wako sawa? Andika kwa maneno yako mwenyewe pengo kati ya anachoweza mtoto peke yake na anachoweza akisaidiwa lina maana gani kwa mwalimu, chora mistari miwili ikibidi, na ukikwama usifungue makala mpaka umeshindana na kumbukumbu kwa dakika kadhaa. Alhamisi saa moja na nusu ni ya video na mchango wa majadiliano, utumwe siku hiyohiyo ili wenzako wapate muda wa kuujibu. Ijumaa pumzika. Jumamosi saa 2 na nusu ni za makala ya pili na kazi ya kuandika. Jumapili inabakiwa na saa moja, na nitairudia mwishoni.

Atakayesema kwamba silabi za Ebbinghaus na maswali ya chemsha bongo havina uhusiano na kozi ya nadharia ana hoja nzito. Nadharia haikaririwi, inaeleweka, inapingwa, inapimwa kwa darasa halisi. Wafuasi wa Piaget na Vygotsky ndio wangekuwa wa kwanza kulalamika kwamba anayeweza kutaja hatua nne za ukuaji wa fikra si lazima awe ameielewa hata moja. Nakubali. Lakini kuelewa kwa kiwango kinachotakiwa na kozi hii ni kulinganisha, na kulinganisha kunahitaji vitu viwili viwepo kichwani kwa wakati mmoja. Nelson Cowan, aliyezichambua tafiti za kumbukumbu ya muda mfupi mwaka 2001, alikadiria kwamba nafasi yake ni ya vitu vinne hivi. John Sweller, ambaye mwaka 1988 akiwa Australia aliweka msingi wa nadharia ya mzigo wa akili, alieleza kwa nini ufinyu huo hauwazuii mabingwa: kilichokwisha kukaa katika kumbukumbu ya kudumu huingia katika nafasi hizo kama furushi moja. Aliyemzoea Piaget humweka mkononi kama kitu kimoja, akabaki na nafasi za kumpimia Vygotsky. Aliyemsahau hulazimika kumbeba vipande vipande, hatua moja moja, na nafasi nne zimejaa kabla ulinganishaji haujaanza. Ndiyo maana insha za wiki za mwisho huwashinda watu waliopata alama nzuri wiki za mwanzo. Walielewa kila mada katika wiki yake, lakini hawakubaki nazo.

Pingamizi la pili hutoka kwenye hisia, nalo lina ushahidi wake. Kutawanya kunachosha moyo. Mtu akikaa saa sita mfululizo huona rundo likipungua mbele ya macho yake. Akikaa nusu saa Jumatano, huinuka akidhani hajafanya kitu. Posta ya Uingereza iliwahi kuhitaji kuwafundisha watumishi wake kuchapa kwa kibodi, kwa ajili ya mashine za kuchambulia barua kwa namba za posta. Alan Baddeley na D. J. A. Longman waliwagawa katika makundi: wengine walifundishwa saa 1 kwa siku, wengine saa 2, wengine saa 4. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yanaonyesha kwamba wa saa 1 kwa siku walifikia kwa saa 55 hivi ujuzi ambao wa saa 4 kwa siku uliwagharimu saa 80 hivi. Na ni kundi gani lililoridhika kidogo kuliko yote? Hilohilo la saa 1. Ukihesabu siku utawaelewa: saa 80 kwa mwendo wa saa 4 ni siku 20, saa 55 kwa mwendo wa saa 1 ni siku 55, na kwao jirani wa kundi jingine alionekana anawapita kila wiki. Mwanafunzi anayepanga wiki yake ajue mapema kwamba hisia yake itamshitaki, na kwamba shitaka hilo halipimi alichojifunza.

La tatu ni gumu kuliko haya, na sitaki kulipita kwa wepesi. Mwalimu wa sekondari anayefundisha vipindi vingi, anayerudi nyumbani saa kumi na mbili jioni kusimamia chakula na kazi za watoto, na anayetegemea bando la usiku kwa sababu ndilo la bei nafuu, hana Jumatatu hadi Alhamisi za kuchagua. Ukimpa ratiba ya siku sita unampa sababu nyingine ya kujilaumu. Lakini angalia ni sehemu gani ya wiki inayohitaji intaneti na utulivu, na ni ipi haihitaji. Makala na video vinaweza kupakuliwa vyote usiku mmoja, mara tu wiki inapofunguliwa. Kujikumbusha hakuhitaji hata simu. Dakika 15 katika daladala au matatu zinatosha kujiuliza maswali matatu ya jana. Ukurasa mmoja wa maswali uliokunjwa mfukoni hauishiwi chaji. Na kwa yule ambaye kweli hana ila Jumapili, bado kuna tofauti kati ya saa sita mfululizo za usiku na saa tatu za asubuhi zikifuatiwa na tatu za jioni, hasa zikipokewa na dakika 15 za Jumatatu na 15 za Jumatano. Hatapata faida yote. Ataokoa sehemu ambayo Ebbinghaus aliona inapotea siku ya kwanza.

Bado mzigo unaweza kuzidi uwezo, na hapo mpango mzuri ni ule unaosema nini hakitasomwa. Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes waliendesha, kupitia Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Canada, kozi ya wiki 12 kuhusu nadharia ya ujifunzaji ambayo wao wenyewe walikuwa wakiitetea, ile inayoyaona maarifa kama mtandao wa miunganisho. Wanafunzi waliolipia walikuwa kama 25. Waliojiunga bure mtandaoni walizidi 2,000. Maandishi na mijadala iliyozalishwa kila siku haikuweza kusomwa na mtu mmoja, na waendeshaji waliliweka hilo wazi: washiriki wachague. Wengi walilemewa, maana miaka mingi ya shule inatufundisha kwamba kilichotolewa lazima kimalizwe. Katika kozi ya kawaida uhuru ni mdogo kuliko ule, lakini kanuni inashika. Ikiwa saa zimebaki tatu na kuna makala mbili, moja ikisomwa na kukumbukwa kwa karatasi tupu ina faida kuliko mbili zilizopitiwa kwa macho. Uamuzi huo ufanywe Jumatatu, mtu akiwa na akili yake, si Jumapili saa tano usiku.

Mtu anayefuatilia tafiti atanikumbusha jambo moja ambalo linanibana. René Kizilcec na wenzake walichapisha mwaka 2020 jaribio kubwa lililohusisha watu wapatao robo milioni katika kozi 247 za mtandaoni za Harvard, MIT na Stanford. Baadhi ya wanafunzi waliombwa mwanzoni mwa kozi waandike mpango: lini watasoma, wapi, namna gani. Ushiriki wao uliongezeka katika wiki za mwanzo, lakini idadi ya waliomaliza kozi haikupanda. Na kumaliza ni tatizo kweli: Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walionyesha mwaka 2019 kwamba katika kozi za wazi za Harvard na MIT, zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi hata kuingia ndani ya kozi. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba kupanga kunamfikisha mtu mwisho. Ninachokiona katika jaribio lile ni kwamba mpango ulioandikwa mara moja, siku ya shauku, huishiwa nguvu ndani ya wiki chache, kama ambavyo Ebbinghaus angetabiri kuhusu jambo lolote lisilorudiwa. Mpango ninaoutetea huandikwa upya kila Jumatatu kwa kuangalia wiki iliyopita. Faida yake nayo ni nyingine: haumpi mtu muda asiokuwa nao, unaamua muda alionao utaacha nini kichwani.

Tena si haki kumtwika mwanafunzi peke yake. Fred Keller, rafiki wa mwanasaikolojia mwenzake Skinner tangu walipokuwa wanafunzi Harvard, alibuni na wenzake huko Brasília mwanzoni mwa miaka ya 1960 mfumo ambao kila mwanafunzi alisoma kwa kasi yake, kitengo kwa kitengo, asivuke kimoja mpaka amethibitisha kwamba amekiweza. Makala yake ya mwaka 1968 iliueneza mfumo huo kwenye vyuo vingi, na matokeo ya mitihani yalikuwa mazuri. Lakini waliouendesha waligundua mapema kwamba uhuru kamili wa kasi huzaa kuahirisha, na wengi walirudisha tarehe za mwisho katika hatua za kati. Kozi za mtandaoni za leo zimerithi uhuru ule, zikausahau ugunduzi huu. Mkufunzi anayetaka wanafunzi watawanye kazi yao ana njia nyepesi mkononi: mchango wa majadiliano ufungwe Alhamisi na kazi ya kuandika ifungwe Jumapili, badala ya vyote kufungwa usiku mmoja. Kila makala iandikwe pembeni dakika inazokadiriwa kuchukua. Na katika maswali ya kujipima ya wiki ya nne yawemo matatu ya wiki ya kwanza. Hatua hizi hazigharimu programu mpya wala mafunzo ya ziada; zinahitaji mtu akae na kalenda ya kozi kwa mchana mmoja.

Inabaki ile saa moja ya Jumapili. Nusu yake ni ya kuwajibu wenzako kuhusu watoto wawili wa Vygotsky, kwa kuwa ulituma Alhamisi nao wamekwisha kujibu. Nusu nyingine ni ya mada ya wiki ya kwanza, iliyokaa siku 21 bila kuguswa, nayo ni ya karatasi tupu. Kinakuja kwanza kile chenye sura: paka wa Edward Thorndike, mwaka 1898, aliyefungiwa ndani ya sanduku la mbao huku chakula kikiwa nje. Anakwaruza, anauma, anasukuma, mpaka kwa bahati anagusa kamba au kitasa na mlango unafunguka. Kadiri anavyorudishwa ndani ndivyo anavyopunguza muda wa kutoka. Unaandika kanuni aliyoitoa humo, kwamba tendo linaloleta ridhiko hushika mizizi. Unakwama kwenye neno moja, unaliachia nafasi. Kisha, kwa kuwa wiki nzima umekuwa na wale watoto wawili, unamtazama paka yule kwa jicho ambalo wiki ya kwanza hukuwa nalo, unaona kwamba katika majaribio yote yale alipimwa akiwa peke yake, na chini ya mchoro wa sanduku unaanza kuandika swali ambalo litakuwa mwanzo wa insha yako ya mwisho.